Kusindikiza Filamu Bubu kwa Kinanda Bila Kuishiwa Katikati: Mwongozo Kamili

Kila mara mambo huwa yaleyale. Mpiga kinanda mzuri, mtu wa kwaya au wa bendi, anakaa mbele ya skrini kuipigia muziki filamu isiyo na sauti, taa zinazimwa, anaanza vizuri. Dakika ya tano bado yumo. Dakika ya nane ameshamaliza kila alichokuja nacho, anazungusha kodi zilezile nne (kodi za muziki, yaani noti zinazopigwa pamoja, si za TRA), macho yameganda kwenye vidole, na kwenye skrini mtu ameshaanguka kutoka juu ya paa bila yeye kujua. Ukumbi unacheka, yeye anashtuka, anagonga kitu kikubwa kwa kuchelewa.

Nimeyaona haya kwa watu wanaonizidi mbali kwa upigaji, kwa hiyo tatizo si vidole. Wanapiga muziki mwingi mno na kutazama kidogo mno. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kugeuza hesabu hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kinanda. Chenye vitufe 88 ni bora, lakini cha 61 kinatosha kwa filamu fupi. Kitu kisichokwepeka ni pedali ya mguu: mkono ukiinuka kwenda kuanza jambo jingine, lazima uache sauti nyuma yake. Ukipewa piano ya kweli, ya mbao na nyuzi, nenda ukaijaribu wiki moja kabla. Unyevu wa Dar unavimbisha mbao, vitufe vinanasa na sauti zinahama. Mwite fundi aitune, na baada ya hapo isikae usoni pa kiyoyozi.

Faili la filamu lilelile litakaloonyeshwa. Sisemi filamu ileile, nasema faili lilelile. Filamu za enzi hizo nyingi zilipigwa kwa kamera ya kuzungusha kwa mkono na zikaonyeshwa kwa kasi tofauti, mara nyingi kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde. Gurudumu moja la futi 1,000 la filamu ya milimita 35 lina picha 16,000. Kwa kasi ya 16 linaisha kwa dakika 16 na sekunde 40. Kwa kasi ya 24 linaisha kwa dakika 11 na ushee. Ukifanyia mazoezi nakala uliyoipakua wewe, halafu ukumbi ukaleta yake, kila ulichokariri kitakuwa kimehama.

Skrini ndogo yako mwenyewe. Ukikaa pembeni ya skrini kubwa utaona picha imepinda, na shingo itakuuma kabla ya nusu saa. Tafuta kebo ndefu ya HDMI na splita ya kuigawa picha, Kariakoo vipo tele, uweke laptopu au televisheni ndogo mbele yako. Tahadhari: usicheze nakala ya pili kwenye simu yako ukidhani utaibonyeza sambamba na projekta. Sekunde mbili za tofauti zinatosha kukuaibisha usiku mzima.

Daftari na penseli, taa ndogo ya kubana yenye mwanga wa njano, waya wa eksitensheni, UPS (betri ya kushika umeme ukikatika), na kitaulo. Kitaulo si utani. Januari na Februari, ukumbi usio na kiyoyozi unalowesha vidole, na plastiki ikilowa vidole vinateleza.

Kanga moja. Utaielewa hatua ya 4.

Mtu wa kusoma maandishi kwa Kiswahili. Naye nitamrudia.

Kuhusu vibali sitakaa sana: onyesho likiwa la watu wote, mwenye ukumbi awaulize Bodi ya Filamu na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua filamu fupi yenye hadithi iliyonyooka

Wanaoanza hupenda kuanza na filamu ya kutisha ya saa moja na nusu, kwa kuwa wanaona giza ni rahisi kulipigia. Si rahisi. Giza la saa moja na nusu linahitaji akiba ambayo bado huna.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia hapa hadi mwisho: One Week ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani anayecheza bwana harusi mwenyewe, ya mwaka 1920. Haifiki nusu saa. Maharusi wanazawadiwa kiwanja na nyumba iliyokuja vipandevipande kwenye masanduku yenye namba. Mwanamume aliyemkosa bibi harusi anabadilisha namba kwa siri, na nyumba inajengwa kombo. Mtu yeyote wa Dar aliyewahi kujenga, akarudi saiti na kukuta mlango wa chumbani umetazama ukuta, haelezwi kitu hapo.

Ina faida nyingine mbili. Ilitolewa Marekani na haki zake huko zimeshamaliza muda. Ila muziki uliobandikwa kwenye faili ni wa mtu mwingine, kwa hiyo uzime kabisa. Halafu imegawanywa kwa kurasa za kalenda zinazochanwa siku baada ya siku. Kila ukurasa unaochanwa ni ruhusa yako ya kubadilisha muziki, bure.

Ukishazoea, kuna filamu ya vivuli ya msanii Mjerumani Lotte Reiniger ya 1926, inayotokana na Alfu Lela Ulela, zaidi kidogo ya saa moja. Watu wa Pwani wanaipenda sana. Lakini si ya kuanzia.

Hatua ya 2: Itazame mara tatu, mikono mapajani

Mara ya kwanza tazama kama mtu aliyekata tiketi. Cheka panapochekesha. Weka alama moja tu kwenye daftari kila unapocheka, kwa sababu kicheko cha kwanza hakirudi, na hapo ndipo watazamaji wako watakapocheka.

Mara ya pili andika, lakini usiandike kinachotokea. Andika nani anataka nini. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayowaponza. Linganisha hizi mbili, zote kutoka madaftari ya watu niliokaa nao:

"Anapanda ngazi. Anashuka. Anabeba ubao. Anaanguka."

"Anataka mkewe aone kwamba anaweza kujenga. Hawezi."

Wa kwanza alipiga noti zinazopanda, zinazoshuka, akagonga, akachoka. Wa pili alipiga wimbo mdogo wa mtu mwenye kujiamini, akauacha unaendelea kujiamini huku ubao unaanguka. Ukumbi ulicheka zaidi kwa wa pili. Mtu anayeanguka huku muziki wake bado una majivuno anachekesha kuliko anayeanguka na muziki ukaanguka naye.

Mara ya tatu tafuta mahali pa kunyamaza. Chora duara. Kwa filamu ya dakika ishirini na kitu, tafuta maduara manne au matano.

Utajua umefaulu ukiweza kumsimulia mtu filamu nzima kwenye daladala kuanzia Mwenge, ukafika Posta bila kufungua daftari.

Hatua ya 3: Andaa mifuko mitano, usiandae nyimbo

Wimbo una mwanzo wake, kiitikio chake na mwisho wake, na filamu haitakungoja ufike kwenye kiitikio. Unachohitaji ni vipande vidogo vinavyorefuka na kufupika. Mimi naviita mifuko: unatia mkono, unatoa kiasi unachotaka.

Tuchukue do iwe C.

Mfuko wa maharusi. Noti tano: so ya chini, do, re, mi, do. Basi. Wakiwa na furaha, mkono wa kushoto udunde mapigo matatumatatu. Wakihuzunika, shusha mi kwa nusu toni (hadi kitufe cha jirani kabisa, cheusi au cheupe) na upunguze mwendo. Wakiogopa, zipeleke noti hizohizo chini kabisa, mkono wa kushoto peke yake. Melodi moja, sura tatu, na ukumbi unawatambua hata kabla hawajaonekana.

Mfuko wa hasidi, yule aliyebadilisha namba. Noti tatu fupi upande wa besi, kila moja nusu toni chini ya iliyotangulia. Usiuzidishie. Akiingia, upige mara moja, uache.

Mfuko wa kazi. Kushoto do, so, do, so, kama mtu anayepigilia misumari. Kulia chochote chepesi. Hapa kuna mchezo mzuri kuliko yote niliyoyapata kwenye filamu hii. Namba za masanduku zikishabadilishwa, endelea na muziki uleule wa kazi, lakini upandishe mkono wa kulia kwa nusu toni, wa kushoto ubaki ulipo. Kushoto ni C, kulia ni C kali. Kila noti ni sahihi kwa mkono wake, na kwa pamoja zimekwenda upande. Nyumba kombo, muziki kombo, na hujabadilisha wimbo.

Mfuko wa dhoruba. Siku ya Ijumaa tarehe 13 wanaalika wageni, upepo unakuja, nyumba inazunguka kama bembea la sherehe na wageni wanarushwa nje. Ukitikisa besi tu dakika nzima, mkono utakufa ganzi. Chukua mapigo ya sita, yale ya chakacha, ya kiuno kinachozunguka, anza taratibu na ukaze kidogokidogo. Ile kodi ya kutisha inayojengwa kwa kuruka nusu toni tatu tatu, C, E bapa, G bapa, A (bapa ni kushushwa nusu toni), nayo itumie, lakini isizidi mara mbili kwa filamu nzima. Mara ya tatu inakuwa kengele ya mlangoni.

Mfuko wa treni. Huu nitauchambua hatua ya 6.

Onyo kuhusu nyimbo zinazojulikana. Mara yangu ya kwanza, kwenye harusi ya mwanzo, nilipiga pambio la harusi ambalo kila mtu analijua. Nilijiona mjanja. Akina mama wa safu ya pili wakapiga vigelegele, kisha wakaimba, kisha ukumbi wote ukaimba ubeti wa pili, na huku kwenye skrini maharusi wameshapanda gari na hasidi ameshatokea. Sikuweza kuukata wimbo bila kuonekana nawafukuza. Wimbo unaojulikana unakuja na maneno yake, na watu watausikiliza badala ya kutazama.

Umefaulu hapa pale mtu akikaa nyuma yako akitaja "Kazi! Hasidi! Maharusi!" bila mpangilio, nawe ukahama kila mara ndani ya pumzi moja bila kusimama. Mpe mtoto kazi hiyo. Watoto hawana huruma, nawe unahitaji mtu asiye na huruma.

Hatua ya 4: Funika mikono kwa kanga

Tandaza kanga juu ya kinanda, ingiza mikono chini yake, washa filamu. Sasa huna cha kutazama ila picha.

Dakika tano za kwanza utakosea kila kitu. Usiitoe. Vidole vitaanza kutafuta vitufe vyeusi, na hivyo ndivyo alama zako za njia: vimepangwa viwili, kisha vitatu. Do iko kushoto mwa viwili, fa iko kushoto mwa vitatu. Gusa kwa mgongo wa kidole, sikia ni viwili au vitatu, shuka kwenye kitufe cheupe. Ni kama kutafuta swichi gizani kwenye nyumba uliyoizoea.

Fanya hivi dakika kumi na tano kila siku kwa wiki moja. Epuka miruko mikubwa ya mkono wa kushoto. Ukumbini utapiga gizani vilevile, na wanaong'ang'ania besi za mbali ndio wanaorudi kutazama mikono.

Utajua imekubali siku utakapocheka na filamu na mikono ikaendelea.

Hatua ya 5: Ifuate kama unavyomfuata mhubiri

Wapiga kinanda wengi wa mji huu tumelelewa kanisani, na watu huwa wanatuambia tusahau ya kanisani. Mimi nasema kinyume, kwa sehemu.

Fikiria mchungaji anapoanza kuomba baada ya mahubiri. Hakuna karatasi, hakuna aliyekuambia ataomba dakika ngapi. Unaweka kodi laini chini ya sauti yake. Akipanda unapanda, akinong'ona unaondoa mkono wa kushoto, akivuta pumzi ndefu unajua anaelekea "amina" na unaanza kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayeweza kumfuata mhubiri robo saa ana nusu ya ufundi huu tayari, na hajui kama anao.

Nusu ya pili ndiyo inayosumbua, kwa sababu mhubiri anakusikia na filamu haikusikii. Ukikaza, mchungaji naye anakaza, mnasukumana. Filamu ukiikaza inakwenda vilevile, unabaki umepiga kelele peke yako. Kwa hiyo kuwa nyuma yake nusu hatua. Ngoja uso wa mwigizaji ubadilike, ndipo ubadilishe. Ukiubadilisha muziki kabla ya uso, umewaambia watu kitakachotokea, na kwenye kichekesho hilo ni kosa kubwa kuliko kupiga noti mbovu.

Tabia za kuacha mlangoni ni hizi. Biti ya kinanda, ile ngoma ya kujipiga yenyewe, izimwe. Filamu hubadilisha mwendo kila mara na biti haina macho. Kitufe cha kuhamisha ufunguo kiwe sifuri, usije ukakuta C yako ni kitu kingine. Na ule ugonjwa wetu wa kujaza kila mwanya kwa vikorombwezo, kana kwamba kimya ni dhambi, uache kabisa.

Zoezi: piga kipande cha dakika tatu kwa sharti kwamba kila baada ya nusu dakika unainua mikono yote kwa pumzi mbili. Mwanzoni utajisikia uchi. Vumilia.

Hatua ya 6: Jifunze kunyamaza kwa treni

Hiki ndicho kipande ninachowapa wote wanaoniuliza, kwa sababu makosa yote ya kazi hii yanaonekana ndani yake.

Imegundulika nyumba imejengwa kwenye kiwanja kisicho chao. Chao kiko ng'ambo ya reli. Wanaivuta nyumba kwa gari, inakwama katikati ya reli. Treni inatokea kwa mbali, inakuja. Wanashindwa, wanakimbia pembeni, wanafumba macho. Treni inapita. Ilikuwa kwenye reli ya pili, ya kando! Nyumba ipo nzima. Wanashusha pumzi. Hapohapo treni nyingine inatoka upande wa pili na kuipasua nyumba vipandevipande.

Anayeanza hupiga hivi: besi inakaza, inakaza, treni ya kwanza inapita, anashusha, ya pili ikija anagonga vitufe vyote kwa viganja. Hakuna anayecheka, kwa kuwa alipiga mwisho mara mbili.

Fanya hivi. Treni ya kwanza ikionekana, mkono wa kushoto upige noti moja tu ya chini, ileile, kwa mwendo wa magurudumu. Usipandishe sauti; kaza mwendo tu. Mkono wa kulia ukae hewani. Watakapofumba macho, ondoa na kushoto. Treni inapita katika kimya. Hii inawatisha wanaoanza, lakini jaribu: ukumbi wenyewe utatoa sauti.

Nyumba imebaki. Sasa leta melodi ya maharusi, taratibu, tamu, kana kwamba filamu imekwisha na watu watafute viatu. So, do, re... na kabla ya mi, treni ya pili imepita ndani ya nyumba.

Usiipige hiyo mi. Mikono juu. Noti iliyokosekana ndiyo kishindo chenyewe. Ukumbi utalipuka, na ukiwa umepiga chochote hapo hawatajua wakusikilize wewe au wacheke.

Kugonga sambamba na tendo kunaruhusiwa, ila chagua mara tatu kwa filamu nzima. Mimi ya kwanza naiweka pale mleta mizigo anapofika na piano begani kana kwamba ni mkungu wa ndizi, akamkabidhi Keaton, naye akalala chini yake. Hapo nagonga, kwa sababu ni piano na mimi nimekalia kinanda, na watu huwa wanageuka kunitazama. Nakubali ni majivuno kidogo.

Hatua ya 7: Kubaliana na msomaji

Maandishi ya katikati ya filamu hizi ni ya Kiingereza, na ukumbi wako una watu wa kila aina. Dar tumezoea kusimuliwa filamu. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua mtia sauti hodari anavyoweza kuibeba filamu mbovu. Tafuta mtu wa namna hiyo, lakini mwekee mpaka: asome maandishi tu, asisimulie picha.

Kwa upande wako, kuna hesabu ndogo ya sauti. Mwanamume anapozungumza, msingi wa sauti yake uko takribani kati ya hezi 85 na 180. Do ya katikati ya kinanda ni hezi 262 hivi, na ya chini yake ni 131. Maana yake mkono wako wa kushoto, ukiwa pale unapopenda kukaa, unakaa juu ya koo la msomaji. Maandishi yakitokea, ondoa kushoto kabisa, bakiza kulia juu ya do ya katikati, noti chache. Akimaliza, rudi.

Fanyeni mazoezi pamoja angalau mara mbili. Umefaulu kama mtu aliyekaa safu ya mwisho anaweza kurudia kila sentensi.

Hatua ya 8: Jirekodi, kisha jihukumu

Weka simu mita mbili kutoka kwenye spika, piga filamu nzima, usisimame hata ukiharibu. Kesho yake, siyo usiku uleule, cheza filamu na rekodi hiyo pamoja.

Mwite mtu asiyejua muziki aketi nawe. Jirani yangu mmoja aliniuliza, katikati ya kipande cha kujenga, "Kwani nani kafa?" Nilikuwa nimetumia maina, kodi zile za huzuni, mno na sikujua.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika saa tatu nzima kabla ya onyesho kuanza. Kaa mahali utakapopiga, zima taa, hakikisha skrini yako ndogo inaonekana na taa yako haipigi kwenye skrini kubwa.

Spika iunganishwe kwa waya. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo mdogo ndio unaoua kichekesho.

Ukionyesha nje au kwenye ukumbi ulio wazi, angalia ratiba ya msikiti wa jirani. Adhana ya Isha hulia baada ya saa moja usiku, kwa hiyo ukianza saa moja kamili itakukuta katikati ya dhoruba. Anza saa mbili. Ikitokea imekukuta, nyamaza, acha filamu iende bila muziki, urudi kwenye ukurasa wa kalenda unaofuata.

Msimu wa masika, mvua ikiangukia mabati, usishindane nayo. Panda juu kwenye vitufe vya kulia, piga vikavu na vichache.

Umeme ukikatika, UPS itakushikia kinanda lakini mara nyingi si projekta. Usikurupuke. Punguza muziki hadi noti mbili za kupishana, taratibu, gizani, mpaka jenereta ishike. Watu watakaa. Mwambie mwendesha projekta airudishe filamu nyuma hadi mwanzo wa ukurasa wa kalenda wa mwisho, si katikati ya tendo, nawe uanze upya na mfuko wake.

Hatua ya 10: Ukipotea, na unapomaliza

Utapotea. Kila mtu hupotea. Kichwa kinakuwa cheupe, hujui uko mfuko gani. Usitazame mikono. Bonyeza noti moja ya besi, ikanyage kwa pedali, na utazame uso wa aliye kwenye skrini. Ukimjua anataka nini, mkono wa kulia utajua pa kwenda. Sekunde sita au saba za noti moja hazimsumbui yeyote, mara nyingi wanadhani ni makusudi.

Noti mbovu nayo ina dawa: irudie. Ukiipiga mara mbili zaidi kwa mwendo uleule, imeshakuwa sehemu ya muziki.

Mwisho wa One Week una mtego. Nyumba imevunjika, Keaton anasimika kibao cha kuuza juu ya mabaki, anataka kuondoka, anakumbuka, anarudi kubandika na karatasi ya maelekezo ya ujenzi. Wapiga kinanda wengi hufunga kwenye kibao, halafu karatasi inawakuta wameshamaliza. Ngoja. Akishaibandika, maharusi wanashikana mikono na kuondoka. Hapo ndipo unaanza tena: so, do, re. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu treni, ile mi.

Kanyaga pedali hadi skrini iwe nyeusi kabisa, kisha inua mguu polepole. Na yule wa taa umwambie mapema asiwashe mpaka aone umeondoa mikono.